Utata wa Maana katika Kihakiki cha Kiini cha Linux: Kasoro ya 2017 na Urekebishaji Wake

IKISIRI

Makala haya yanachunguza kasoro moja iliyogunduliwa mwaka 2017 katika kihakiki cha programu kilichomo ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, pamoja na namna kasoro hiyo ilivyorekebishwa. Hoja inayojengwa ni kwamba kasoro hiyo haikutokana na ulegevu wa sheria wala uchache wa walinzi, bali ilitokana na usomaji. Alama moja ilisomwa kwa namna mbili na pande mbili zilizopaswa kuisoma kwa namna moja. Kwa kuwa suala la umbo moja kubeba maana mbili ni suala ambalo wanafunzi wa Kiswahili hukutana nalo tangu somo la kwanza la semantiki, makala yanaazima dhana za taaluma hiyo ili kulieleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi.

UTANGULIZI

Katika idara za Kiswahili, neno 'uhakiki' limezoeleka kama mali ya fasihi. Mhakiki ni yule anayeichambua riwaya au tamthilia na kuitolea hukumu. Hata hivyo, kitenzi 'hakiki' kina uga mpana zaidi, nacho kina uhusiano wa karibu na nomino 'hakika'. Kuhakiki jambo ni kulichunguza hadi ukweli wake uthibitike. Karani anayehakiki majina ya wapiga kura hatoi maoni kuhusu uzuri wa majina hayo. Anathibitisha kama yapo na kama ni ya watu wanaostahili. Ni maana hii kongwe, wala si ile ya fasihi, inayotumika katika makala haya. Kihakiki, kwa kiambishi cha ngeli ya vitu, ni sehemu ya programu ambayo kazi yake ni kuichunguza programu nyingine kabla haijaruhusiwa kutenda kazi.

Istilahi nyingine chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiwezesha tarakilishi kuzitumia programu nyingine zote. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo, ile inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na vifaa na inayoamua nani ana ruhusa ya kufanya nini. Neno 'kiini' limefaa kwa sababu linabeba taswira ya kokwa na ya yai kwa pamoja: kikiharibika kiini, ganda zima halina faida. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na hivi leo hukutwa katika seva nyingi za mtandao na katika kila simu inayotumia Android, zikiwemo zile zinazobebwa mifukoni na wanafunzi wengi wa vyuo vyetu. Kwa hiyo kasoro ndani ya kiini hicho si habari ya mbali.

KIINI NA MGENI WAKE

Kwa desturi, programu ya mtumiaji wa kawaida haikaribishwi ndani ya kiini. Hukaa ukumbini, na inapohitaji kitu hupeleka ombi, kisha kiini hulipima ombi hilo na kulitimiza au kulikataa. Utaratibu huu ni salama lakini una gharama ya muda, kwani kila ombi linahitaji safari ya kwenda na kurudi. Gharama hiyo ilionekana waziwazi katika kazi ya kuchuja mawasiliano ya mtandao, ambapo pakiti nyingi sana za data hupita kwa sekunde moja. Mapema miaka ya 1990, Steven McCanne na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani walipendekeza kinyume cha desturi: badala ya kuzipeleka pakiti zote kwa mtumiaji ili achague anazozitaka, mtumiaji aandike programu ndogo ya kuchagua, na programu hiyo itie kazi ndani ya kiini chenyewe. Mbinu hiyo iliitwa BPF.

Mwaka 2014, chini ya uongozi wa Alexei Starovoitov, mbinu hiyo ilipanuliwa sana katika Linux na ikajulikana kama eBPF. Programu hizo ndogo sasa zilipata rejista 11, yaani vihifadhi vya muda vya namba, kila kimoja kikiwa na upana wa biti 64. Zilipata pia uwezo wa kutunza kumbukumbu na kuita huduma za kiini. Kuanzia toleo la 4.4 la Januari 2016, hata mtumiaji asiye na cheo chochote aliruhusiwa kuingiza baadhi ya aina za programu hizo.

Uzito wa hatua hiyo unastahili kuangaliwa vizuri. Mtu yeyote mwenye akaunti katika tarakilishi inayotumiwa na wengi, tuseme mwanafunzi mmoja miongoni mwa mia tano wanaotumia seva moja ya chuo, angeweza kuandika maagizo yake na kiini kikayatekeleza kwa mamlaka yake chenyewe. Ndani ya kiini hakuna mlinzi wa pili. Programu iliyokwisha kuingia ikiandika mahali pasipo pake, inaweza kubadilisha rekodi inayosema kuwa mtu huyu ni mtumiaji wa kawaida, ikaandika kuwa ndiye msimamizi mkuu. Kutoka hapo, faili za wenzake wote, alama zao, barua zao na maneno yao ya siri huwa wazi mbele yake. Kilichosimama kati ya hali hiyo na utulivu wa kila siku ni kihakiki peke yake.

KAZI YA KIHAKIKI

Kihakiki huisoma programu ya mgeni kabla haijatekelezwa hata mara moja, na hufanya hivyo bila ya kuitekeleza. Huanza na agizo la kwanza na kuendelea hatua kwa hatua huku kikitunza daftari la mambo kinayoyajua: rejista hii ina namba, ile ina anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu, hii nyingine haijawekwa kitu. Kila panapotokea njia panda, yaani agizo la aina ya 'ikiwa thamani hii si sawa na ile, ruka hadi pale', kihakiki hulazimika kufuata njia zote mbili, moja baada ya nyingine. Programu inayotaka kusoma kumbukumbu kwa anwani isiyothibitishwa hukataliwa. Wakati wa kisa kinachosimuliwa hapa, programu yenye kitanzi ilikataliwa pia, na ile iliyozidi maagizo 4,096 haikupokelewa kabisa.

Daftari hilo haliwezi kuwa kamili. Tangu mwaka 1936, Alan Turing alipothibitisha kuwa hakuna kanuni moja inayoweza kuamua, kwa kila programu, kama programu hiyo itafika mwisho, imefahamika kwamba uhakiki wa programu una mipaka isiyoondolewa kwa bidii wala kwa mashine yenye kasi zaidi. Kihakiki basi hukubali kutojua. Kisipojua thamani halisi ya rejista, huandika mipaka yake: si chini ya hii, si zaidi ya ile. Tangu toleo la 4.14 la Novemba 2017, kufuatia kazi ya Edward Cree, huandika pia hali ya kila biti kwa mojawapo ya alama tatu, yaani sufuri, moja, au haijulikani. Sharti lisilovunjwa ni kwamba thamani halisi itakayokuwamo wakati wa utekelezaji iwe daima ndani ya kile kilichoandikwa daftarini. Kihakiki kikisema 'kati ya 0 na 100' ilhali ukweli ni 7, hakuna madhara. Kimekuwa mwangalifu kupita kiasi tu. Kikisema 'ni 7' ilhali ukweli ni 8, mlango umefunguka.

Kuna mvutano hapa usiokwisha. Kihakiki kinachoandika 'haijulikani' kila mahali ni salama kabisa, lakini hakina manufaa kwa kuwa kitakataa karibu kila programu, zikiwemo njema. Watumiaji hulalamika, nao wahandisi hukifundisha kuwa mjuzi zaidi. Kila ujuzi unaoongezwa ni nafasi mpya ya kukosea. Miongoni mwa ujuzi huo ulikuwemo huu: kihakiki kikiwa na uhakika kwamba ulinganishaji fulani utatoa jibu moja tu daima, hakina haja ya kupoteza muda kwenye njia ambayo haitafuatwa kamwe. Kitaiacha bila kuikagua.

MOJA HASI AU BILIONI NNE?

Ili kasoro yenyewe ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke namna tarakilishi inavyoandika namba hasi. Tarakilishi haina kistari cha kutoa. Ina sufuri na moja pekee. Tuchukue upana mdogo wa biti nne. Umbo 1111 linaweza kusomwa kuwa 15, ikiwa msomaji anahesabu namba chanya tu. Umbo hilohilo, bila kubadilishwa hata biti moja, linaweza kusomwa kuwa -1, ikiwa msomaji anafuata kaida ya namba zenye alama, ambapo biti ya kwanza kushoto ikiwa moja huashiria hasi. Sababu ya kaida hiyo si ya ajabu: ukijumlisha 1111 na 0001 katika upana wa biti nne, tarakimu ya tano hudondoka na kubaki 0000, na namba ambayo ikijumlishwa na moja huleta sufuri ni moja hasi.

Umbo lenyewe, basi, halisemi maana yake. Maana huletwa na agizo linalolitumia.

Tofauti hiyo haina madhara umbo linapobaki katika upana wake. Tatizo huja linapohamishiwa kwenye chombo kipana zaidi, tuseme cha biti nane. Aliyelisoma kuwa 15 atajaza sufuri upande wa kushoto na kupata 00001111, ambayo bado ni 15. Aliyelisoma kuwa -1 atarudia alama ya hasi upande wa kushoto na kupata 11111111, ambayo bado ni -1. Kila mmoja amehifadhi maana aliyoikusudia, lakini sasa maumbo yenyewe yametofautiana. Kauli mbili zilizofanana katika chombo kidogo hazifanani tena katika kikubwa.

Katika eBPF, kila agizo lina upana wa biti 64, na biti 32 kati ya hizo ni nafasi ya namba inayoandikwa ndani ya agizo lenyewe. Rejista zina biti 64. Kwa hiyo kila namba ya aina hiyo inapopelekwa kwenye rejista ni lazima ipanuliwe, na yapo maagizo mawili ya kufanya kazi hiyo. La kwanza huipanua kwa kurudia alama. La pili huipanua kwa kujaza sufuri. Misimbo ya maagizo hayo hutofautiana katika biti mbili za mwisho tu: la kwanza ni 10110111, la pili ni 10110100. Namba ikiwa ni ya kawaida, kama 5 au 200, maagizo yote mawili huleta jibu moja, na huenda hii ndiyo sababu tofauti yao ikasahaulika. Namba ikiwa ni biti 32 ambazo zote ni moja, agizo la kwanza huleta -1, ilhali la pili huleta 4,294,967,295.

UA LILE NA UA ULE

Mwanafunzi wa Kiswahili anaulizwa: 'ua' ni nini? Akijibu haraka kwamba ni chanuo la mmea, amekosea, na akijibu kwamba ni kizuizi kinachozunguka boma, amekosea vilevile. Jibu sahihi ni kuomba sentensi nzima. 'Ua lile limenyauka' ni habari ya bustani. 'Ua ule umebomoka' ni habari ya boma. Nomino ni moja kwa umbo na kwa sauti. Kinachotenganisha maana ni upatanisho wa kisarufi, viambishi viwili vidogo ambavyo msikilizaji mzembe anaweza kuvipita. Na atakayevipita hatajua kuwa amepotea, kwa sababu atakuwa na maana kamili akilini mwake, ila si ile iliyokusudiwa.

Kihakiki cha Linux kilivipita viambishi hivyo. Kilipokutana na maagizo mawili yaliyotajwa hapo juu, hakikuangalia biti mbili za mwisho za msimbo. Kiliyachukulia yote mawili kuwa ni ya kurudia alama, na kikaandika daftarini -1 hata pale ambapo agizo lilisema sufuri zijazwe. Kitekelezaji, kwa upande wake, kilisoma sawasawa na kikaweka 4,294,967,295 ndani ya rejista.

Mtu mwenye nia mbaya hakuhitaji zaidi ya hapo. Programu yake ingeanza kwa agizo la kuweka zile biti 32 zote moja kwenye rejista kwa njia ya sufuri. Agizo la pili lingeuliza: je, rejista hii si sawa na -1? Ikiwa si sawa, ruka. Baada ya hapo lingefuata agizo la kumaliza kazi kwa amani, na nyuma yake, mahali pa kurukia, yangepangwa maagizo ambayo hakuna kihakiki kingeyakubali. Kihakiki kiliposoma, kiliona daftarini kwamba rejista ni -1, kikahitimisha kuwa mruko hautatokea kamwe, kikafuata njia ya moja kwa moja hadi kwenye agizo la kumaliza, kikatoa kibali. Sehemu ya nyuma haikuguswa. Kisha kitekelezaji kilipofika kwenye swali lilelile, kililinganisha 4,294,967,295 na -1, kikaona hazilingani, kikaruka na kuingia katika maagizo ambayo hayakuwahi kusomwa na yeyote ila aliyeyaandika.

Ikumbukwe kuwa hapakuwa na sheria iliyovunjwa na kihakiki. Kanuni ya kutopoteza muda kwenye njia isiyofuatwa ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Kanuni ya kukataa anwani zisizothibitishwa haikulegezwa. Lau kihakiki kingehojiwa, kingeweza kutetea kila hatua ya hoja yake isipokuwa ile ya kwanza. Jina la utani 'kasoro ya usalama' huficha jambo hili, kwani humfanya msikilizaji afikirie kufuli iliyovunjwa, ilhali kilichotokea ni sentensi iliyosomwa vibaya.

KIRAKA

Aliyeigundua kasoro hiyo ni Jann Horn, mtafiti wa kikundi cha Project Zero cha kampuni ya Google, ambaye pia ndiye aliyeandika kiraka chake. Kilipokelewa Desemba 2017 pamoja na viraka vingine kadhaa vya kihakiki, vingi vikitokana na uchunguzi wake, na kasoro ikasajiliwa kwa namba CVE-2017-16995. Matoleo ya mfululizo wa 4.14 yaliyoathirika ni yale ya hadi 4.14.8.

Msomaji anayetarajia ukuta mpya atashangazwa na udogo wa kiraka hicho. Pale palipokuwa na mstari mmoja uliosema, kwa lugha ya kawaida, 'andika daftarini namba iliyomo ndani ya agizo', pamewekwa sharti: ikiwa agizo ni la aina ya biti 64, andika namba hiyo kwa kurudia alama, vinginevyo, ichukulie kuwa ni ya biti 32 isiyo na alama, kisha uiandike. Basi. Hakikuongezwa katazo lolote, wala hakuna programu njema iliyonyimwa kibali kwa sababu ya kiraka hicho. Kihakiki kilifundishwa tu kusoma kama kitekelezaji kinavyosoma.

Pamoja na kiraka yaliongezwa majaribio, na hapa mwanaisimu atatabasamu. Upo mtihani unaohakikisha kuwa namba iliyopanuliwa kwa sufuri inachukuliwa kuwa imepanuliwa kwa sufuri, na ipo mingine inayofanya hivyo kwa namba iliyopanuliwa kwa alama. Programu hizo za majaribio zinakaribiana sana, zikitofautiana hasa pale panapopimwa. Wanafonolojia wanaopanga 'pata' kando ya 'bata' ili kuonyesha kuwa /p/ na /b/ ni fonimu mbili tofauti wameitumia mbinu hiyo kwa miongo mingi, nao huiita jozi ya mlinganuo finyu. Kama mtihani wa namna hiyo ungekuwepo tangu mwanzo, kasoro ingeonekana siku ya kwanza. Haukuwepo kwa sababu hakuna aliyeshuku kuwa maumbo hayo mawili yanaweza kuchanganywa.

Kulikuwa pia na kinga ya pili. Katika kipindi hichohicho, kiraka cha Starovoitov kiliagiza kwamba maagizo yoyote ambayo kihakiki hakikuyafikia yafutwe na mahali pake pawekwe maagizo yasiyofanya kitu. Mwanzoni mwa 2018 Daniel Borkmann aliiboresha njia hiyo: badala ya maagizo matupu ambayo mtekelezaji angeteleza juu yake na kuendelea mbele, pawekwe agizo linalojirudia lenyewe, ili atakayeingia humo asitoke. Kinga hiyo ina busara ya kipekee. Inakiri kwamba kihakiki kinaweza kusoma vibaya tena siku nyingine, na inahakikisha kwamba kisichosomwa hakitendi.

Hata hivyo, kiraka kilichoandikwa si sawa na kiraka kilichovaliwa. Mnamo Machi 2018, takribani miezi mitatu baada ya marekebisho kuingia katika shina la Linux, njia ya kuutumia mwanya huohuo dhidi ya Ubuntu 16.04, iliyotumia kiini cha mfululizo wa 4.4, ilienea hadharani. Mtumiaji wa kawaida aliiendesha programu moja na kuibuka msimamizi mkuu. Wasimamizi walioweza kuchukua hatua ya haraka walibadilisha mpangilio mmoja unaowanyima watumiaji wa kawaida ruhusa ya kuingiza programu za eBPF, na kusubiri kiini kipya.

KUTOKA SAA MOJA HADI SAA MOJA

Kasoro ya 2017 haikuwa ya mwisho ya aina yake. Katika shindano la Pwn2Own la Machi 2020, lililoendeshwa kupitia mtandao kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Manfred Paul alionyesha mwanya mwingine katika kihakiki hichohicho. Chimbuko lake lilikuwa ujuzi mpya uliokuwa umeongezwa ili kihakiki kiweze kukisia vizuri nusu ya chini ya rejista, yaani biti 32 za kulia, baada ya ulinganishaji.

Mantiki yake ilikuwa hivi. Kihakiki kinajua kuwa thamani nzima ni kati ya kima cha chini na kima cha juu. Kilichukua nusu ya chini ya kila kima na kudhani kwamba nusu ya chini ya thamani yenyewe lazima iwe baina ya hizo mbili. Kima cha chini kikiwa 1 na kima cha juu kikiwa 4,294,967,297, nusu ya chini ya vyote viwili ni 1, na kihakiki kikahitimisha kwamba nusu ya chini ya thamani ni 1 daima. Thamani halisi ingeweza kuwa 2, au milioni moja.

Kosa hili halihitaji hisabati kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Msafiri ameondoka Kisumu saa moja asubuhi na kufika Mombasa saa moja jioni. Mtu akifuta maneno 'asubuhi' na 'jioni', kisha akadai kuwa kwa kuwa safari ilianza saa moja na kuisha saa moja basi muda wote ulikuwa ni saa moja, atachekwa. Kihakiki kilifuta maneno hayo. Marekebisho ya dharura, yaliyotangazwa mwishoni mwa Machi 2020, hayakujaribu kuutengeneza ujuzi huo, yaliuondoa kabisa. Kihakiki kilirudi kuwa mjinga kidogo, na kwa ujinga huo kikawa salama.

Baadaye, katika toleo la 5.7 la mwaka huohuo, John Fastabend aliuandika upya utaratibu wote ili mipaka ya nusu ya chini itunziwe daftari lake pekee. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini Mei 2021 ilirekebishwa kasoro nyingine, CVE-2021-3490, iliyozaliwa na daftari hilo jipya, na aliyeigundua ni Manfred Paul huyohuyo. Katika baadhi ya maagizo, sehemu inayoshughulikia biti 32 iliona kuwa thamani inajulikana tayari ikaacha kuandika mipaka, ikidhani kuwa sehemu inayoshughulikia biti 64 itaiandika. Sehemu ya biti 64 nayo ilikuwa na masharti yake, na pale ambapo masharti hayo hayakutimia haikuandika. Mipaka ya zamani ikabaki daftarini kana kwamba ni ya sasa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa ndugu wote wawili walitegemeana.

KUKIHAKIKI KIHAKIKI

Mfululizo huu umezaa mikondo miwili ya kazi. Mmoja ni wa kiutawala: Ubuntu, kuanzia toleo lake la Oktoba 2021, ilizima kwa chaguo-msingi ruhusa ya watumiaji wa kawaida kuingiza programu za eBPF. Hilo hupunguza idadi ya wanaoweza kukijaribu kihakiki, ingawa halikifanyi kiwe sahihi zaidi.

Mkondo wa pili ni wa kuthibitisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani walizichukua kanuni ambazo kihakiki huzitumia kukisia biti zenye alama tatu, wakauliza swali ambalo majaribio ya kawaida hayawezi kulijibu: si kama kanuni inafanya kazi kwa mifano kumi au elfu kumi, bali kama inafanya kazi kwa kila thamani inayowezekana. Katika makala waliyoyawasilisha mwaka 2022 walithibitisha kuwa kanuni za kujumlisha na kutoa zilikuwa sahihi, tena zilizo bora kuliko zote zinazowezekana, jambo ambalo waandishi wa awali hawakuwa wamelithibitisha. Kwa kuzidisha walipendekeza kanuni mpya, nayo ikapokelewa ndani ya kiini mwaka 2021. Mwaka 2023 walisonga mbele: waliwasilisha chombo kiitwacho Agni, kinachochukua matini ya kihakiki chenyewe jinsi ilivyoandikwa na wahandisi, kikaigeuza kuwa fomyula za kimantiki, kisha kikatafuta kama ipo thamani yoyote inayoweza kutoka nje ya mipaka iliyoandikwa daftarini. Pale inapokosekana, usahihi wa hesabu hizo za mipaka huwa umethibitishwa. Pale inapopatikana, chombo hujaribu kutunga programu fupi inayoionyesha kasoro hiyo ikitenda. Kwa kuwa matini ya kihakiki hubadilika kwa kila toleo, kazi hiyo hurudiwa upya kila toleo jipya linapotoka.